Bunduki ya vipande viwili ilinipotezea mnyama. Ninunue ipi sasa?

Shikamoo Mjomba,

Nimesoma majibu yako kwa wawindaji wenzangu kwa muda mrefu bila kuwahi kukuandikia. Leo nimeshika kalamu kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi.

Nina miaka 41. Nawinda kwa kibali, mara moja au mbili kwa mwaka, tena mbali sana na barabara. Tunatembea siku mbili, hema na chakula vikiwa mgongoni, tunavuka mito na kupanda miamba, ndipo tunafika walipo wanyama wakubwa. Bunduki yangu ni ya kaliba .30-06, niliyorithi kwa baba. Ikiwa na darubini na mkanda ina kilo 4.3, na urefu wake ni sentimita 112. Vichakani mtutu unanasa matawi juu ya kichwa changu. Kwenye miamba inabidi niivue, nimkabidhi mwenzangu, nipande, kisha anipandishie. Goti langu la kulia lilipasuliwa miaka mitatu iliyopita na sasa kila nusu kilo naisikia.

Msimu uliopita rafiki aliniazima bunduki ya vipande viwili, ile ambayo mtutu unachomoka na yote inaingia ndani ya begi. Nilifurahi kama mtoto. Darubini yake ilifungwa juu ya chuma kinachobeba bolti (komeo linalofunga nyuma ya risasi) na triga, si juu ya mtutu. Kabla ya safari niliipeleka uwanja wa shabaha, risasi tatu zikakaa mahali pamoja. Nikaifungua, nikaipakia. Siku ya pili usiku nikaiunganisha kambini kwa mwanga wa tochi, nikakaza kwa mkono mpaka ikagoma.

Alfajiri dume alisimama ubavu, kichwa kikielekea kushoto. Kipima umbali kilisema mita 240. Nilikuwa nimelala kifudifudi, bunduki juu ya begi, pumzi imetulia. Mjomba, mkono wangu haukutikisika. Risasi ikaingia nyuma mno, tumboni. Tulifuata damu siku moja na nusu. Ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Kisha mvua ikanyesha, ikafuta kila kitu. Hatukumpata.

Niliporudi nilipiga tena uwanjani bila kugusa kitu chochote kwenye bunduki ile. Risasi tatu zote zilitua sentimita 9 kulia kwa pale nilipolenga, mita 100.

Sasa nataka kununua yangu. Mwenzangu wa siku zote anasisitiza nichukue .300 Winchester Magnum nyepesi ya vipande viwili, kilo 2.4 bila darubini, "ili hata ukikosea kidogo mnyama alale." Muuzaji mmoja aliniambia bunduki zote za vipande viwili ni sawa, kinachotofautiana ni jina tu. Mke wangu anasema niachane na mambo haya kabisa. Nisaidie: ninunue ya aina gani, kaliba gani, uzito gani? Au nibaki na ya baba?

Ni mimi,
Mwenye Deni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na yule dume, maana barua yako yote inamzunguka yeye. Sentimita 9 kwenye mita 100 ni zaidi ya sentimita 21 kwenye mita 240. Eneo la moyo na mapafu kwa mnyama wa ukubwa huo lina upana wa sentimita 20 hadi 25. Ukilenga katikati yake, una sentimita 10 au 12 za kukosea kila upande, basi. Bunduki ile ilizimaliza zote, ikaongeza nyingine kama hizo, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kushoto, kulia kulikuwa tumboni. Nakuamini kabisa unaposema mkono haukutikisika. Lakini sehemu yako ipo na lazima nikuambie: uliiunganisha bunduki usiku, na risasi ya kwanza uliyopiga baada ya hapo ulimpiga kiumbe hai. Hilo lisirudiwe tena, hata ukinunua bunduki bora kuliko zote.

Sasa tazama jinsi kosa lilivyokuwa dogo pale lilipoanzia. Chukua mtutu wa sentimita 56. Ili risasi ihame sentimita 9 kwenye mita 100, mdomo wa mtutu unahitaji kuhama nusu milimita tu, unene wa kucha ya kidole chako. Kwenye kiungo chenyewe, pale chuma kinapokutana na chuma, pengo ni dogo zaidi. Kama nyuso zinazogusana zina urefu wa sentimita 10, karatasi moja ya daftari ikibanwa upande mmoja inatosha kukupotezea mnyama. Punje ya mchanga ni nene kuliko karatasi. Wewe uliunganisha kambini, kwa tochi, baada ya siku mbili za vumbi na mito, ukakaza kwa kukisia.

Ndiyo maana yule muuzaji amekupotosha. Bunduki za vipande viwili zinatofautiana sana, na swali la kwanza la kumuuliza mtu yeyote anayekuuzia ni hili: darubini inakaa wapi?

Darubini ikikaa kwenye kiwiliwili cha bunduki, yaani kile chuma kinachobeba bolti na triga, kila unapochomoa mtutu unatenganisha jicho, yaani darubini, na mtutu. Ukirudisha, unategemea kiungo kikae vilevile kila mara, bila tofauti hata ya unene wa karatasi. Zipo bunduki zilizochongwa kwa ustadi kiasi hicho, lakini zinadai usafi na ukazaji uleule kila siku. Darubini ikikaa juu ya mtutu wenyewe, hivyo viwili havitengani kamwe. Mtutu na darubini vinachomoka pamoja, vinasafiri pamoja, vinarudi pamoja. Hata kiungo kikihama kidogo, jicho linahama pamoja na mtutu. Kwa mtu anayekwenda mbali na barabara, sioni sababu ya kununua mpangilio mwingine.

Aina mbili zinatimiza sharti hilo. Ya kwanza ni bunduki ya bolti ya mtindo wa Blaser R93, iliyotoka mwaka 1993, na R8 iliyoifuata mwaka 2008. Kishikio chake cha darubini kinabana kwenye mtutu, na bolti inajifunga ndani ya mtutu huohuo badala ya kujifunga kwenye kiwiliwili. Hilo la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi ndiyo inayoamua kama ganda litastahimili mlipuko. Kufuli likiwa ndani ya mtutu, nafasi hiyo haitegemei umekaza kiungo namna gani. R8 ina takriban kilo 3 kabla ya darubini.

Ya pili ni bunduki ya risasi moja inayovunjika katikati, kama ile ya marisau. Wawindaji wa milima ya Alps wanaiita Kipplauf na wameibeba kwa vizazi. Unavua kishikio cha mbele, unavunja, mtutu unatoka na darubini yake juu. Haina magazini wala bolti ndefu, kwa hiyo ni fupi na nyepesi. Blaser K95, kwa mfano, ina karibu kilo 2.5. Ninaipenda sana aina hii. Uzuri wake hauko kwenye wepesi peke yake. Mtu mwenye risasi moja husubiri mnyama ageuke vizuri.

Hata hivyo wewe sikupi hiyo. Unawinda wanyama wakubwa, na una kumbukumbu ya mnyama aliyeondoka na risasi tumboni. Siku ikitokea tena, utataka risasi ya pili ndani ya sekunde mbili bila kuondoa shavu kwenye kitako. Chukua ya bolti, yenye darubini juu ya mtutu.

Kuhusu .300 Winchester Magnum, mwenzako anakutakia mema lakini ushauri wake utakuumiza. Kwanza, "hata ukikosea kidogo mnyama alale" si kweli. Tumbo lililopigwa na magnum ni tumbo vilevile. Mnyama ataondoka na utafuata damu ileile nyeusi. Pili, fikiria bega lako. Bunduki ya kilo 2.4 ukiiongezea darubini inafika kilo 2.9. Risasi ya .300 yenye kichwa cha gramu 11.7 itairudisha bunduki hiyo begani kwa nguvu ya jouli 50 hivi. Ya baba yako, .30-06 yenye kichwa cha uzito huohuo na kilo 4.3, inarudi kwa jouli 25 hivi. Yaani utakuwa umejinunulia teke mara mbili ya lile ulilozoea tangu ujana. Mtu anayepigwa hivyo huanza kufumba macho kabla ya mlio, na wala hajui kama anafumba. Nimekaa nyuma ya watu wengi uwanjani nikiwaona. Njia rahisi ya kugundua ni kumwekea mpigaji ganda tupu katikati ya risasi bila yeye kujua: triga inafanya "tak", na mdomo wa mtutu unazama chini kiganja kizima. Wanashangaa wenyewe.

Chukua 7mm-08 Remington, iliyoingizwa sokoni mwaka 1980. Ni ganda la .308 Winchester lililobanwa shingo kupokea kichwa cha milimita 7. Kichwa cha gramu 9 kinatoka kwa kasi ya karibu mita 850 kwa sekunde, na kwenye mita 250 bado kina karibu mita 700. Kikiwa kichwa kigumu, cha shaba tupu au cha madini ya risasi yaliyogandishwa kwenye koti lake, kinapenya bega la mnyama mkubwa na kufika kwenye mapafu. Na sasa sikiliza hesabu hii: kwenye bunduki ya kilo 2.9 teke lake ni takriban jouli 24. Ni lilelile la bunduki ya baba. Bega lako linalijua tayari.

Kama pale unapopata risasi zako 7mm-08 ni adimu, nenda na .308 yenyewe. Ipo tangu mwaka 1952 na haikosekani kirahisi. Teke lake ni kubwa kidogo, si la kutisha. Usikubali tu kifaa cha kupunguza teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, kile chenye matundu ya pembeni. Mlio wake unaharibu masikio, yako na ya mwenzako aliyelala ubavuni. Na kabla ya kulipa, soma sheria ya unakowinda. Nchi nyingi zina kaliba ya chini kwa wanyama wakubwa, na nyingi huhesabu hata mtutu wa ziada peke yake kuwa sehemu inayohitaji kibali.

Utasikia watu wakimtaja Walter Bell, yule mwindaji wa pembe za ndovu wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliyeangusha ndovu wengi kwa 7x57, kaliba inayokaribiana sana na 7mm-08. Ni kweli. Lakini Bell alitumia vichwa vigumu visivyopanuka, na alijua ubongo wa ndovu ulipo kutoka kila pembe. Mchukue kama ushahidi kwamba mahali risasi inapoingia ndipo kazi inapofanyika.

Uzito. Umeniuliza upungue kiasi gani, na jibu langu ni kwamba simama kwenye kilo 3.3 hadi 3.5, darubini ikiwa juu. Utakuwa umepunguza karibu kilo nzima, na goti litakushukuru. Ukishuka hadi kilo 2.7 bunduki inaanza kucheza mikononi. Umepanda mwamba, moyo unadunda, na kitu chepesi kinatikiswa na kila pigo la moyo, mdomo wa mtutu unachora duara ambalo bunduki nzito isingelichora. Ukitaka kupunguza zaidi, punguza kwenye darubini. Watu wananunua bunduki ya wepesi wa ajabu kisha wanaipandishia darubini ya gramu 800. Darubini ya 3-9 (inayokuza mara 3 hadi 9) yenye kioo cha milimita 40 ina gramu 350 au 400 na inatosha kabisa kwa mita 250. Mtutu uwe wa sentimita 51 hadi 56. Ukikata kutoka 61 hadi 51 unapoteza takriban mita 30 kwa sekunde, hasara ambayo mnyama hataihisi. Kitako kiwe cha sintetiki. Mbao ni nzuri kwa macho lakini huvimba kwa unyevu na kusukuma mtutu.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikuligusa. Bunduki iliyo ndani ya begi si bunduki, ni mzigo. Mnyama akitokea njiani utamwangalia tu akiondoka, na kama unapita palipo na mnyama anayeweza kukushambulia, sikushauri uifungue kabisa. Ifungue kwa ajili ya miamba, mto, au chombo kidogo cha usafiri. Ukishafika juu iunganishe na iache hivyo. Kila mara kabla ya kuifungua, toa magazini, vuta bolti, tazama chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole. Ukiiunganisha, chungulia ndani ya mtutu ukielekea mwanga kabla ya kutia risasi. Beba kitambaa kikavu cha pamba kwenye mfuko wako, kisiwe na kazi nyingine, ufute nyuso zote mbili za kiungo mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mdomo wa mtutu uzibe kwa kipande cha utepe wa umeme. Maji na matope hayataingia, na ukipiga hewa inakisukuma kabla risasi haijafika, shabaha haibadiliki. Alenki ya kukazia ifunge kwa kamba kwenye begi, na ya pili apewe mwenzako. Mtu aliyepoteza alenki siku mbili kutoka barabarani amebeba vyuma viwili visivyo na faida.

Ukiipata bunduki, usiiamini kwa sababu mimi nimeisifia. Iseti kwanza uwanjani mpaka uridhike. Kisha chukua karatasi moja ya shabaha, uiweke mita 100, na usiibadilishe mpaka mwisho. Piga risasi moja. Fungua bunduki, ipakie kwenye begi, vaa begi, tembea dakika kumi. Rudi, iunganishe, piga risasi moja. Fanya hivyo mara 10, mtutu ukiwa umepoa kila mara, na andika namba kando ya kila tundu. Mara mbili kati ya hizo fanya ukiwa umevaa glavu, na mara mbili iunganishe ukiwa umefumba macho, kwa sababu kambini utakuwa gizani. Matundu yote 10 yakiingia ndani ya duara la sentimita 5, umepata bunduki. Kwenye mita 250 duara hilo ni sentimita 12 na nusu, na eneo la uhai bado linakuachia nafasi ya pumzi na upepo. Likitoka hata tundu moja mbali na wenzake, tafuta sababu, rudia yote, na likitoka tena irudishe ulikoinunua.

Huko porini, baada ya kuiunganisha mara ya mwisho, piga risasi moja ya kuthibitisha kama sheria ya mahali inaruhusu, mchana, mbali na unakokusudia kuwinda. Najua wengine watasema unatisha wanyama. Mimi ningepoteza asubuhi nzima kuliko kukosa risasi hiyo. Kama hairuhusiwi, basi usiifungue tena baada ya risasi ya mwisho ya uwanjani kabla ya safari, na miamba uipande kwa kamba, bunduki ikiwa nzima.

Bunduki hizi ni ghali, sitakuficha. Kama mfuko haufiki, usinunue ya bei nafuu yenye darubini juu ya kiwiliwili eti kwa sababu tu inafunguka. Nunua nyepesi ya kipande kimoja, mtutu wa sentimita 51, kaliba ileile. Itakuwa na sentimita 100 badala ya 112, haitanasa matawi kama ya sasa, na ukiifunga wima ubavuni mwa begi mikono yako yote miwili iko huru kwenye mwamba. Wawindaji wengi wanaodhani wanahitaji bunduki ya vipande viwili wanahitaji hii. Wewe, kwa miamba uliyoieleza, nadhani uko kwenye lile kundi dogo linaloihitaji kweli. Lakini pima mwenyewe ni saa ngapi za safari nzima unazotumia ukipanda kwa mikono.

Ya baba usiiuze. Itumie kufanyia mazoezi mwaka mzima, maana teke linakaribiana, na kwa mawindo ya karibu na barabara bado ni bunduki bora.

Mkeo mwambie ukweli wa yule dume kama ulivyoniambia mimi, pamoja na sentimita 9. Huenda anachokiona ni mumewe kurudi amenyamaza bila kusema kwa nini.

Na mwenzako mwite siku ya zile risasi 10. Mpe daftari, yeye ndiye awe anapima kwa rula na kuandika, kisha umpe bunduki naye apige kumi zake. Beba risasi 40, zitatosha kwa kuseti na kwa nyinyi wawili, na zikibaki ziweke za boksi lilelile kwa ajili ya safari.

Mjomba